Karl Landsteiner: Daktari wa Vienna aliyeyatambua makundi ya damu, na siri ya kunde za madukani Karama

Leo safari yetu tunaianzia Karama, mtaa mkongwe wa Dubai unaofahamika vyema na wengi wenu mnaoishi katika Imarati, na hata na wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Kampala wanaokuja kufuata bidhaa. Ni mtaa wa majengo ya ghorofa chache, migahawa ya bei nafuu na maduka ya vyakula ambayo wenyewe wengi wanatoka kusini mwa India.

Ukiingia katika mojawapo ya maduka hayo utakuta pakiti na magunia ya jamii ya kunde yamepangwa kuanzia mlangoni: choroko, adesi, dengu, mbaazi na maharage mekundu. Miongoni mwake imo punje moja ndogo, bapa, ya rangi ya udongo, ambayo wanunuzi wengi wa kwetu huipita bila ya kuitazama mara mbili. Watu wa Kerala wanaiita muthira, Watamil wanaiita kollu, na wasemao Kihindi wanaiita kulthi. Huchemshwa, hukaangwa na huungwa mchuzi. Hata hivyo, punje hiyo hiyo ina kazi nyingine ambayo muuza duka pengine hana habari nayo. Maji yaliyokamuliwa humo, yakitayarishwa inavyopaswa, hutumika katika maabara za damu kupambanua damu ya mtu na ya mwenziwe, hata pale ambapo wote wawili wana kundi moja la A.

Imekuwaje kunde ya kupikia ikajua tofauti ya damu za wanadamu? Jawabu la swali hilo linatupeleka kwenye maisha ya bwana mmoja mpole, mwenye haya na asiyependa kujitangaza, ambaye kazi yake imeokoa roho nyingi mno katika karne iliyopita. Bwana huyo ni Karl Landsteiner.

Landsteiner alizaliwa tarehe 14 Juni mwaka 1868 huko Baden, mji mdogo ulioko karibu na Vienna, mji mkuu wa Austria. Baba yake, Leopold, alikuwa mwandishi wa habari na mhariri aliyejulikana sana mjini Vienna. Lakini baba huyo alifariki dunia Karl akiwa bado mtoto wa takriban miaka 6, na mama yake, Fanny, ndiye aliyemlea. Mapenzi kati ya mama na mwana huyo wa pekee yalikuwa makubwa. Mama alipofariki mwaka 1908, mwanawe aliihifadhi sura yake iliyochukuliwa kwa plasta baada ya kukata roho, akawa anaitundika ukutani mwa chumba chake hadi siku zake za mwisho. Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi, na mwaka 1890 Karl na mama yake waliingia Ukatoliki. Jambo hilo, kama tutakavyoona, lilikuja kumfuata hadi uzeeni.

Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1891. Lakini badala ya kufungua zahanati na kutibu wagonjwa kama wenzake, alikwenda kusomea kemia nchini Ujerumani na Uswisi kwa miaka kadhaa, na miongoni mwa walimu wake alikuwemo Emil Fischer, bingwa wa kemia ya sukari. Tunawaomba wasomaji walikumbuke neno hilo, sukari, kwani tutalirejea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1890 hadi mwaka 1908 alikuwa msaidizi katika idara ya Chuo Kikuu cha Vienna iliyoshughulika na uchunguzi wa maiti, na huko alipasua na kuchunguza maiti zaidi ya 3,600. Asubuhi alikuwa na wafu, na jioni alikuwa na vichupa vyake vya damu.

Katika zama hizo, kumwongezea mgonjwa damu ya mtu mwingine kulikuwa sawa na kucheza kamari. Mgonjwa mmoja alipona na kuinuka kitandani, na wa pili aliyefanyiwa jambo lile lile, na daktari yule yule, alitetemeka, akapata homa, akakojoa mkojo mweusi na kufariki. Hakuna aliyejua sababu. Wengi walidhani kwamba ni ugonjwa aliokuwa nao mtu ndio unaoifanya damu yake isipatane na ya mwenziwe.

Mwaka 1900 Landsteiner aligusia jambo hilo katika maelezo mafupi chini ya ukurasa wa makala yake, na mwaka 1901 akachapisha makala kamili iliyokuja kubadilisha tiba duniani. Alichofanya kilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa maabara, watu wazima wenye afya njema. Akatenganisha chembe nyekundu na maji ya damu, yaani seramu. Kisha akachanganya chembe za huyu na seramu ya yule, mmoja baada ya mwingine, na kuandika matokeo katika jedwali. Mara nyingine mchanganyiko ulibaki laini. Mara nyingine chembe zilinatana zikafanya vibonge vinavyoonekana kwa macho. Na vibonge hivyo havikutokea ovyo ovyo, bali vilikuwa na mpangilio. Aliwagawa watu wake katika makundi matatu, akayaita A, B na C. Hili la tatu ndilo tunalolijua leo kwa jina la O. Mwaka uliofuata, 1902, wenzake Decastello na Sturli wakaongeza kundi la nne na lililo adimu, yaani AB.

Hapa inafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Damu kuganda, kama inavyoganda kwenye jeraha, ni jambo jingine. Kunatana tunakokuzungumzia ni pale chembe nyekundu zinapokamatwa na kitu chenye mikono miwili au zaidi, mkono mmoja ukashika chembe hii na mwingine ukashika chembe ya jirani, mpaka zote zikawa fungu moja. Katika seramu ya binadamu mikono hiyo ni ya kingamwili. Mwenye damu ya kundi A ana kingamwili dhidi ya B, mwenye B anazo dhidi ya A, mwenye O anazo dhidi ya zote mbili, na mwenye AB hana yoyote kati ya hizo. Ukimtilia mwenye O damu ya A, kingamwili zake zitaishambulia, chembe zitapasuka ndani ya mishipa, na figo zitaharibika. Basi ile kamari ya kale haikuwa kamari tena.

Pamoja na hayo, dunia haikushituka. Ilipita miaka kadhaa kabla ya madaktari kuutumia ugunduzi huo. Ni mwaka 1907 ndipo Reuben Ottenberg wa New York alipoanza kupima kundi la damu kabla ya kumwongezea mgonjwa, na vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyoufanya utaratibu huo uenee.

Sasa tuje kwenye kunde zetu. Mwaka 1888 mwanafunzi mmoja wa udaktari aliyeitwa Peter Hermann Stillmark, katika Chuo Kikuu cha Dorpat ambako leo ni mji wa Tartu nchini Estonia, aliandika tasnifu juu ya sumu ya mbegu za mbarika, mmea ambao kila mtu wa pwani na bara anaujua kwa mafuta yake. Aligundua kwamba ndani ya mbegu hizo mna protini inayozifanya chembe nyekundu za damu zinatane. Muda si mrefu ikagunduliwa protini nyingine ya aina hiyo katika mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto wetu huzitunga shanga. Wengi waliziona protini hizo kuwa ni sumu tu, wakazichunguza kwa ajili hiyo.

Landsteiner aliziona kwa jicho jingine. Katika miaka ya 1907 na 1908, akishirikiana na mwenzake Raubitschek, alichukua vyakula vya kawaida visivyo na sumu kali, yaani maharage, njegere na adesi, akavikamua na kuyajaribu maji yake kwenye damu za wanyama mbalimbali. Akaona kwamba maji ya mbegu moja yananatisha damu ya mnyama huyu kwa nguvu na ya mnyama yule kidogo au hata kidogo yasiinatishe. Kila mbegu ilikuwa na damu inayoipenda. Kwa maneno mengine, mmea usio na damu, usiougua homa wala kuchanjwa, ulikuwa na uwezo wa kuchagua kama ule wa kingamwili za mwanadamu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Leo tunajua kwamba uso wa chembe nyekundu si laini kama yai. Umefunikwa na minyororo mifupi ya sukari, kama jani la mpunga lilivyofunikwa na vinyweleo. Tofauti kati ya A na B ni sukari moja tu iliyoko kwenye ncha ya mnyororo. Mwenye O ana mnyororo huo huo, ila ncha yake haikuongezwa kitu. Protini za mimea tunazozizungumzia, ambazo sasa zinaitwa lektini, kila moja ina tundu linaloingia sukari ya umbo fulani, kama kufuli na ufunguo wake. Ikiwa sukari hiyo ipo na ni nyingi, chembe zitanatana. Ikiwa haipo, au imefunikwa, au ni chache, hazinatani. Kwa hivyo kitu chochote kinachoubadilisha uso wa chembe hubadilisha pia namna lektini inavyoikamata. Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu ya leo.

Landsteiner mwenyewe aliendelea na mengi. Mwaka 1908 alihamia hospitali ya Wilhelmina mjini Vienna kuwa mkuu wa uchunguzi wa maiti, na katika kipindi hicho hicho, pamoja na Erwin Popper, alithibitisha kwamba ugonjwa wa kupooza kwa watoto, yaani polio, unaambukizwa na kijidudu kidogo kuliko bakteria. Walichukua sehemu ya uti wa mgongo wa mtoto aliyekufa kwa maradhi hayo, wakawapandikiza nyani, nao wakaugua. Njia ya kuelekea kwenye chanjo ilianzia hapo.

Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 48, alimuoa Helene Wlasto, na mwaka 1917 wakajaaliwa mtoto mmoja wa kiume. Lakini vita vilipokwisha mwaka 1918, Austria ilikuwa hoi. Chakula kilikuwa cha kutafuta kwa tochi, kuni hazikupatikana, na maabara zilikuwa tupu. Mtu aliyeyatambua makundi ya damu alishindwa kuilisha familia yake katika mji aliokulia. Akafanya kile ambacho wengi wenu mnaosoma makala hii ugenini mmekifanya: alifunga virago. Alikwenda The Hague, Uholanzi, akapata kazi katika hospitali ndogo ya Kikatoliki, akawa anapima mikojo na damu za wagonjwa kama fundi wa kawaida wa maabara, na kufanya kazi ya ziada ya kutengeneza dawa ya kupimia kifua kikuu ili kuongeza kipato. Hata hivyo, katika chumba hicho kidogo aliendelea kuandika makala za kisayansi.

Alipokaribia miaka 55 bahati ilimfungukia. Taasisi ya Rockefeller ya mjini New York ilimwita, naye akahamia Marekani na familia yake katika majira ya mwaka 1922 na 1923. Inasimuliwa kwamba makazi yao ya mwanzo yalikuwa juu ya duka la nyama, na kwamba majirani walilalamika alipopiga piano, ingawa alikuwa mpigaji hodari. Hakuipenda kelele ya jiji lile, na hakuwahi kulizoea kikamilifu. Lakini kazi ilisonga mbele. Mwaka 1927, akiwa na Philip Levine, aligundua alama nyingine za damu zinazoitwa M, N na P. Mwaka 1929 akawa raia wa Marekani, na mwaka 1930 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya tiba kwa ule ugunduzi wa miaka 30 nyuma. Mwaka 1940, akiwa amekwisha kustaafu lakini bado anakwenda maabara kila siku, yeye na Alexander Wiener walitangaza kugundua alama ya Rh, ile inayotufanya tuseme damu chanya au hasi. Kina mama wengi waliokuwa wakipoteza watoto mfululizo bila ya kujua sababu, jawabu lao lilipatikana katika ugunduzi huo na katika uchunguzi wa Levine wa mwaka 1939.

Hatutakuwa waadilifu iwapo tutayaficha majonzi yake. Katika miaka ya 1930, Ujerumani ilipokuwa ikiwagawa watu kwa nasaba zao, Landsteiner aliishi na hofu. Mwaka 1937 kitabu kimoja cha Marekani kilimworodhesha miongoni mwa Wayahudi mashuhuri, naye akakimbilia mahakamani kutaka jina lake liondolewe, akiona kwamba litamdhuru yeye na mwanawe. Mahakama haikumkubalia. Wako waliomlaumu kwa kuikana asili yake, na wako waliomwelewa kuwa ni baba aliyeogopa. Sisi tunaona ajabu moja: mtu aliyeionyesha dunia kwamba kundi la damu halifuati kabila wala rangi wala dini, na kwamba ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifaane kwa damu ilhali mgeni wa mbali akafaa, ndiye aliyelazimika kuogopa damu aliyozaliwa nayo.

Tarehe 24 Juni mwaka 1943 alishikwa na maradhi ya moyo akiwa kazini maabara, na siku mbili baadaye, tarehe 26 Juni, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 75. Mkewe Helene, aliyekuwa akiugua saratani, alimfuata mwezi Disemba mwaka huo huo.

Lakini habari ya maharage haikufa naye. Landsteiner aliandika kitabu juu ya namna kingamwili zinavyochagua, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1933 na kwa Kiingereza mwaka 1936, na humo aliitaja mifano ya mbegu zake za zamani. Mwanasayansi William Boyd wa Boston aliisoma mifano hiyo akajiuliza: ikiwa mbegu zinatofautisha damu ya sungura na ya njiwa, je, haziwezi kutofautisha damu ya mtu na mtu? Mwaka 1945 alimtuma msaidizi wake kwenye duka la karibu akanunue maharage makavu ya Lima. Boyd alikiri baadaye kwamba hakujua kwa nini alichagua hayo. Lau angeagiza maharage ya kawaida, asingeona kitu. Maji ya maharage ya Lima yalinatisha damu ya kundi A na kuyaacha makundi ya B na O karibu kama yalivyo. Huko Helsinki, mtafiti Renkonen naye alitangaza matokeo ya namna hiyo mwaka 1948 bila ya kujua kazi ya Boyd. Ni Boyd aliyetoa jina la lektini mwaka 1954, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua.

Kisha huko London, Walter Morgan na Winifred Watkins wakaligeuza jambo hilo kuwa ufunguo. Walichanganya lektini na sukari mbalimbali kwanza, halafu wakatia damu. Sukari iliyoweza kuizuia lektini isinatishe damu ya A ndiyo iliyokuwa alama ya A yenyewe, kwani ilikuwa imekwisha kuliziba tundu la kufuli. Namna hiyo, katika miaka ya mwanzo ya 1950, mbegu za mimea zilisaidia kuijua herufi ambayo Landsteiner aliiandika nusu karne kabla yao.

Na sasa tumerudi Karama, kwenye ile kunde ya kulthi. Mwaka 1951 George Bird, aliyekuwa akifanya kazi nchini India, aliarifu kwamba kunde hiyo inanatisha damu ya A. Ikazimuliwa kwa kipimo sahihi, ikaonekana kwamba inainatisha ile A ya kwanza, A1, na kuiacha A2. Tofauti za A hizo mbili ziliwahi kutambuliwa na Dungern na Hirszfeld tangu mwaka 1911. Chembe moja ya A1 ina alama za A zipatazo milioni moja, na ya A2 ina takriban robo yake. Kunde inaiona tofauti hiyo. Baadhi ya watu wa A2, na zaidi wa A2B, hutengeneza kingamwili dhidi ya A1, na wakati huo kulijua jambo hili mapema humsaidia fundi wa maabara asipoteze muda huku mgonjwa akisubiri.

Liko jambo jingine zito linalowahusu majirani zetu wa Karama. Mwaka 1952 Dk. Bhende na wenzake wa mjini Bombay, leo Mumbai, waliripoti watu ambao kwa vipimo vya kawaida walionekana kuwa na kundi O, lakini damu ya O haikuwafaa. Hawa hawana hata ule mnyororo wa msingi ambao A na B hujengwa juu yake. Damu yao iliitwa kwa jina la mji huo. Huko India inakadiriwa kwamba ni mtu 1 kati ya kila 10,000. Mbegu za kichaka kimoja cha miiba cha Ulaya kiitwacho Ulex hunatisha damu ya O ya kawaida kwa nguvu, na hazifanyi lolote kwa damu ya Bombay. Mtu wa damu hiyo akipata ajali, ni damu ya mwenziwe wa aina hiyo tu itakayomfaa. Ndiyo maana vipimo vya kulinganisha damu hufanywa kila mara, hata kama kadi ya mgonjwa inasema O.

Aidha, uso wa chembe unaweza kubadilika mtu akiwa hai. Karanga, hizi hizi tunazotafuna, zina lektini isiyonatisha damu ya mtu mzima mwenye afya, kwa sababu sukari inayoitafuta imefunikwa na nyingine juu yake. Lakini kwa baadhi ya watoto waliopatwa na nimonia kali au maambukizi mengine ya bakteria wa pneumococcus, bakteria hao hutoa kimeng'enya kinachoikata sukari ya juu. Sukari iliyofichika inabaki wazi, na damu ya mtoto huyo ikikutana na lektini ya karanga hunatana. Jambo hilo ni nadra, lakini likitokea ni dalili ya hatari, maana baadhi ya watoto hao figo zao hudhurika.

Na liko la saratani. Katika miaka ya 1960 watafiti waligundua kwamba lektini ya ngano, na baadaye mwaka 1969 ile ya aina ya kunde inayoitwa jack bean, hunatisha seli nyingi za saratani kwa urahisi kuliko seli za kawaida. Seli za kawaida zikiguswa kidogo na kimeng'enya kinachokata protini, nazo zilinatana kama za saratani. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa seli ya saratani ina alama mpya. Baadaye ikaonekana kwamba idadi ya alama mara nyingi haitofautiani sana, bali kinachobadilika ni uwezo wa alama hizo kutembea juu ya utando na kukusanyika mahali pamoja. Hiyo haikuwa dawa, na tunawaonya wasomaji wasimwamini yeyote anayeuza unga wa mbegu kwa madai hayo. Faida yake ilikuwa ni kuelewa, na bila ya kuelewa hakuna dawa.

Kabla hatujamaliza, tunawausia mambo matatu. La kwanza, lektini ya maharage mekundu mabichi huumiza tumbo vibaya na kutapisha. Wale vijana wanaopika chumbani kwa sufuria ya umeme ya moto mdogo wajue kwamba moto huo hautoshi. Yalowekeni maharage saa kadhaa, myamwage maji yake, kisha myachemshe kwa moto mkali hadi yaive. Mbegu za mturituri na mbarika zisifike mikononi mwa watoto kabisa, kwani hizo ni sumu ya kuua. La pili, msihadaike na vitabu vinavyoelekeza vyakula kwa kufuata kundi la damu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto uliochapishwa mwaka 2014 haukuona kwamba faida ya vyakula hivyo inategemea kundi la mlaji. La tatu, na ndilo kubwa, lijueni kundi lenu la damu, na mwenye afya ajitolee. Kina mama wenye Rh hasi, ambao kwetu Afrika Mashariki ni wachache, wasisahau kumweleza daktari mapema wanapopata ujauzito ugenini.

Tangu mwaka 2004 dunia huadhimisha Siku ya Wachangia Damu kila tarehe 14 Juni. Tarehe hiyo, wapenzi wasomaji, ni siku aliyozaliwa Landsteiner. Hakuacha mali nyingi, na alizikwa mbali na alikozaliwa. Lakini leo hii mfuko wa damu ukitundikwa hospitalini Dubai, Muscat, Muhimbili au Mnazi Mmoja, ile herufi moja iliyoandikwa juu yake ni mwandiko wake. Na mkipita Karama, mkaiona ile kunde ya rangi ya udongo mlangoni mwa duka, msiipite tena bila ya kuitazama.